Steringi ni nani? Wasomaji saba wa Tabora na kitabu kimoja

Ugomvi ulianza kwa pweza. Dereva wetu wa bajaji alikifunga kitabu chetu cha picha, akakiweka jamvini karibu na sahani ya karanga, akasema mtu mzima hawezi kukaa miezi minne na kurasa mia nne halafu mwishoni aletewe pweza. "Mwalimu, pweza? Mji mzima unakufa kwa pweza?" Mwalimu akamsahihisha kwamba yule ni ngisi. Hapo tukapoteza robo saa nzima, maana Tabora bahari iko mbali, na kati ya watu saba tuliokaa barazani kwangu Isevya ni wawili tu waliowahi kumwona ngisi akiwa bado na macho. Sisi wengine tunajua migebuka na dagaa wanaoshuka kwenye treni ya Kigoma.

Nakiandika kisa hiki kwa ajili ya wenzangu wanaoendesha vikundi vya kusoma katika miji yetu, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa naongoza na kuna mahali niliharibu. Majina nimeyaacha. Tabora ni kubwa kwenye ramani tu. Ukitaja dereva wa bajaji anayesoma vitabu vya picha, mtu wa Isevya atakuelekeza mpaka anapoegesha.

Kitabu ni Watchmen. Kiliandikwa na Alan Moore, kikachorwa na Dave Gibbons, rangi zikatiwa na John Higgins, wote Waingereza. Kilitoka kwanza vipandevipande, matoleo kumi na mawili kati ya 1986 na 1987, kwa kampuni ya DC Comics ya Marekani, ndipo vipande vikaunganishwa. Mwaka 1988 kilipata tuzo ya Hugo, ile ya hadithi za kisayansi, na mwaka 2005 jarida la Time likakiingiza katika riwaya zake mia moja bora za Kiingereza tangu 1923. Sifa hizo zote mwanafunzi wetu wa chuo, mwenye kitabu, alitusomea siku ya kwanza kabla hatujafungua ukurasa. Lilikuwa kosa la kwanza, ingawa si langu. Ukimwambia mtu chakula hiki kimesifiwa dunia nzima, hatakula tena, atakuwa anaonja.

Asiyetaka kujulishwa mwisho aishie hapa. Hadithi iko Marekani ya 1985 ambayo siyo ile tuliyoisikia redioni. Nixon bado ni rais. Vita ya Vietnam Marekani imeshinda, kwa msaada wa mtu mmoja wa rangi ya buluu, Dk. Manhattan, ambaye ajali ya maabara ilimgeuza kuwa kitu karibu na mungu. Mashujaa wengine ni watu wa kawaida waliovaa vinyago na kupiga wahalifu usiku, na sheria imewapiga marufuku tangu 1977. Mmoja wao, Comedian, anatupwa kutoka dirishani kwenye ghorofa. Rorschach, aliyekataa kustaafu, anaanza kuchunguza. Kumbe nyuma ya mauaji yupo mwenzao Adrian Veidt, anayejiita Ozymandias, tajiri mwenye akili kuliko wote. Kwa kuona vita ya nyuklia na Warusi inakuja, ametengeneza dude bandia, huyo ngisi, na kulilipua katikati ya New York. Nusu ya jiji inakufa. Dunia inaamini imevamiwa kutoka nje, mataifa yanapatana, vita inasimama. Wenzake wanaoijua siri wanakubali kunyamaza. Rorschach anakataa, na Dk. Manhattan anamuua pale pale kwenye theluji. Ila kabla ya hapo Rorschach alishaituma shajara yake kwa posta kwenye gazeti moja, na picha za mwisho za kitabu zinaonyesha mkono wa kijana wa gazeti ukielekea kwenye rundo ilimo hiyo shajara.

Kitabu na kaunta buku

Nakala ilikuwa moja, ya Kiingereza. Watu saba, kitabu kimoja: ndiyo maana ilichukua miezi minne. Na kwa kuwa Kiingereza cha wawili kati yetu ni cha kusomea vibao tu, mwalimu, anayefundisha fasihi sekondari, akajitolea. Akanunua kaunta buku ya kwaya tatu, akaanza kuandika maneno ya wahusika kwa Kiswahili, ukurasa kwa ukurasa, chumba kwa chumba. "Uk. 7, chumba cha 4." Kurasa nyingi za kitabu zimegawanywa vyumba tisa vya picha, safu tatu za tatu, kwa hiyo hesabu yake haikumpa taabu. Msomaji unaweka kitabu kushoto, kaunta buku kulia, macho yanakwenda huku na huku kama mtazamaji wa ping-pong.

Natumia nafasi kubwa kwa hiyo kaunta buku kwa sababu nusu ya ugomvi wetu ilizaliwa humo, na hakuna aliyejua mpaka kikao cha tatu.

Chukua jina lenyewe. Mwalimu aliandika jaladani "WALINZI". Dereva akacheka: mlinzi ni yule wa getini, ana rungu na koti la marehemu kaka yake, ikifika saa nane usiku amelala. Mwalimu akafuta, akaandika "Walinda Zamu", akafuta tena. Tatizo ni kwamba kwa Kiingereza neno hilo limebeba vitu viwili, kulinda na saa ya mkononi, na kitabu kimejengwa juu ya vyote viwili. Baba wa Dk. Manhattan alikuwa fundi saa. Bomu lilipodondoshwa Hiroshima mwaka 1945 alitupa vyuma vya saa vya mwanawe dirishani, akamwambia hiyo kazi imepitwa na wakati, akasome fizikia. Na kila sura inafungwa kwa picha ya saa ya ukutani ambayo mshale wake unazidi kusogea kwenye kumi na mbili. Kiswahili kimetenganisha lindo na saa, hakuna la kufanya. Mama Asali (tunamwita hivyo kwa biashara yake) ndiye aliyeona kitu nisichokiona kwa miaka yote niliyokijua kitabu hiki: mishale inaonyesha kumi na mbili, mwalimu ameandika "dakika tano kabla ya saa sita", na hakuna hata mmoja wetu aliyeshtuka. Tumezoea kusoma saa inayosema uongo.

Zito zaidi ni sauti ya Rorschach. Kwa Kiingereza anaongea kama mtu anayetema kokoto. Anadondosha maneno madogo, anadondosha hata "mimi". Shajara yake inafunguka kwa mzoga wa mbwa uchochoroni, tumboni kuna alama za tairi, na sentensi zenyewe zimekatika kama huyo mbwa. Sasa Kiswahili "mimi" haiachi kitenzi. Iko ndani yake. "Nimekuta", "nikapita", "nitawakatalia": ukiing'oa hiyo ni- huna sentensi. Mwalimu kwa heshima ya lugha akaandika sentensi kamili, na matokeo yake Rorschach wa kaunta buku akawa mtu mtulivu, mwenye mpangilio, kidogo kama mwenyekiti wa mtaa anayesoma muhtasari wa kikao. Anachosema kinatisha, lakini anakisema kwa adabu.

Kura

Kikao cha kwanza baada ya wote kumaliza, dereva alitangulia na swali ambalo kila mtu aliyekulia kwenye kibanda umiza angeuliza: steringi ni nani? Katika kibanda umiza mambo yako wazi. Kuna steringi na kuna adui, na steringi hafi. Humu anayeelekea kuwa steringi anakufa kurasa chache kabla ya mwisho, na adui anabaki hai, ameshinda, amevaa vizuri.

Badala ya kulilea hilo swali, mimi nikalifanya kuwa mtihani. Nikapigisha kura: nani alikuwa sahihi, Rorschach au Veidt?

Dereva, Mama Asali na mwanafunzi wakasimama na Rorschach. Mwalimu peke yake akasimama na Veidt, akajitetea kwamba waliokufa ni wengi lakini waliopona ni dunia. Muuguzi akasema hachagui mshenzi kati ya washenzi wawili. Mzee wetu, mstaafu wa reli, alikuwa anafuta kioo chake cha kukuzia maandishi kwa upindo wa kanzu, akasema yeye bado anasoma. Alikuwa amemaliza wiki mbili kabla.

Kura ile iliua mazungumzo ya mwezi mzima. Mtu akishanyoosha mkono mbele ya watu, kitabu si kitabu tena, ni chama chake. Mwalimu, ambaye naamini hakuwa anampenda Veidt hata kidogo, akajikuta anakuja na hoja mpya kila wiki. Dereva akaanza kumwita Rorschach "mwana". Na mwanafunzi, aliyempigia kura Rorschach kwa sababu ya mtindo wa kinyago chake, akatuambia kwamba tunachobishania hakihusiani na kitabu. Kitabu ni umbo. Akatuonyesha sura ya tano. Ina kurasa ishirini na nane, na ukurasa wa kwanza unatazamana na wa mwisho, wa pili na ule wa kabla ya mwisho, mpangilio wa vyumba ukiwa kama mtu na kivuli chake majini. Akaweka kidole cha mkono wa kushoto mwanzo wa sura, cha kulia mwisho, akawa anafunua pande zote mbili pole pole mpaka vidole vikakutana katikati, ambapo Veidt anampiga mtu aliyekuja kumuua, picha moja iliyokatwa pacha juu ya kurasa mbili. Tulinyamaza wote. Hata dereva alisema "duh".

Halafu Mama Asali akasema, "Dogo, mzinga umechongwa vizuri, nakubali. Asali iko wapi?"

Hilo ni jibu zuri kwa watu wa aina ya mwanafunzi, na wako wengi duniani. Sifa nyingi za kitabu hiki huishia kwenye uchongaji. Mimi mwenyewe ni mmoja wao nikiwa peke yangu.

Pweza, au ngisi

Turudi kwa dereva. Yeye aliiona filamu kwanza, ile ya 2009 ya Zack Snyder, iliyotiwa Kiswahili juu yake na DJ aliyekuwa akicheka katikati ya maongezi. Kwenye filamu hakuna ngisi. Veidt analipua miji kwa nguvu zinazofanana na za Dk. Manhattan, na lawama zinamwangukia yule wa buluu. Dereva anasema hiyo inaingia akilini: adui amemsingizia mtu ambaye watu tayari wanamwogopa. Ngisi ametoka wapi?

Swali lake ni halali, na wasomaji wengi wa mbali wameligombania vile vile. Ila nilipomuuliza kuhusu kisiwa cha wasanii waliopotea, akanitazama tu. Kuhusu hadithi ya maharamia je? "Ile niliruka. Nilijua ni kurasa za kitabu kingine zimeingia kimakosa kiwandani."

Humo kitabuni kuna kijana anayekaa chini kando ya kibanda cha magazeti akisoma kitabu cha picha cha maharamia, na sisi tunakisoma naye, chumba kimoja cha kwao, chumba kimoja cha mtaani. Mwalimu aliyaandika maneno ya maharamia kwa kalamu nyekundu ili yasichanganyike. Dereva akaichukulia nyekundu kama alama ya kuruka. Kumbe aliyebuni hadithi ile ya maharamia ni mmoja wa wasanii waliopotea, na wasanii wale ndio waliochukuliwa kwa siri kumbuni ngisi. Na hadithi yenyewe inamhusu baharia anayetengeneza chelezo kwa maiti za wenzake ili awahi kuwaokoa watu wa nyumbani, na anapofika, anayewadhuru ni yeye. Aliyeisoma hiyo anamfahamu Veidt kabla Veidt hajafungua mdomo.

Msimamo wangu: ngisi lazima awe kichekesho. Amani ya dunia nzima imewekwa juu ya dude lililobuniwa na wachora katuni, ndani ya katuni. Ukilitoa na kuweka kitu cha busara zaidi, umepata filamu nadhifu na umepoteza dhihaka. Nilimweleza dereva hivyo. Akarudi, akasoma maneno mekundu yote, akaja kusema hadithi ya maharamia ndiyo bora kuliko kitabu chenyewe, na ngisi bado ni upuuzi. Sikuwa na la kuongeza.

Mwano

Mzee aliongea kikao cha tatu. Alianza kwa kitu kingine kabisa: sura ya nne, ile ambayo Dk. Manhattan amekaa peke yake sayari ya Mirihi na anaona maisha yake yote kwa pamoja, ujana, ajali, mapenzi, picha inayodondoka kutoka mkononi mwake, yote "sasa". Sisi tuliiona ngumu. Mzee aliiona nyepesi kuliko zote. Alisema ratiba iliyobandikwa ukutani stesheni ndivyo ilivyo: Dar es Salaam, Morogoro, Dodoma, Tabora, Kigoma, zote ziko hapo kwa wakati mmoja na saa zake. Abiria yuko kwenye behewa moja, stesheni moja. Aliyesimama mbele ya ratiba anaona safari nzima, na hawezi kuisogeza hata dakika. "Huyo bwana wa buluu ni karani wa ratiba. Ndiyo maana hana huruma. Simlaumu." Maelezo ya sura ile niliyowahi kuyasikia ni mengi, na hayo ndiyo yaliyonifaa kuliko yote.

Kisha akaulizwa na mwalimu kwa nini hakupiga kura. Mwalimu siku hiyo alikuwa amekuja na Isike, mtemi wa Unyanyembe, aliyejilipua na baruti ndani ya ngome yake mwaka 1893 kuliko kukamatwa na Wajerumani. Huyo ndiye Rorschach wetu, alisema. Tunamsifu shuleni, lakini ngome iliangukia nani? Mzee akakataa kwa mkono. Isike alikuwa na watu nyuma yake. Huyu wenu hana hata jirani.

"Mimi nilikuwa sungusungu," akasema.

Kwa msomaji aliye mbali na huku: sungusungu walianza mwanzoni mwa miaka ya 1980 upande wa Kahama, wakaenea haraka Usukumani na Unyamwezini. Vita ya Uganda ilikuwa imeisha 1979, silaha zilikuwa zimetapakaa, ng'ombe wanaibiwa, watu wanauawa njiani, na polisi walikuwa wachache na mbali. Vijiji vikajipanga vyenyewe, na ntemi wao, katibu wao, makamanda wao, pinde, mishale na filimbi. Serikali iligawanyika. Viongozi wa chama waliwasifu huku mahakama zikiwashtaki baadhi yao kwa mauaji. Sheria ya kuwatambua ilikuja 1989. Yaani miezi ile ile ambayo Moore na Gibbons walikuwa wanauliza nani anawalinda walinzi, swali walilolichukua kwa mshairi wa Kirumi, Juvenal, Nzega na Igunga walikuwa wanaliuliza bila mshairi.

Mzee alikuwa kijana wakati huo, yuko likizo ya reli kijijini kwao. Kilichomshika kitabuni hakikuwa mwisho. Kilikuwa kipande kidogo cha sura ya sita ambapo Rorschach anaeleza kinyago chake kilivyoanza: kitambaa cha gauni lililoagizwa na mwanamke aliyekuja kuuawa New York mwaka 1964, na magazeti yakaandika kwamba majirani walisikia akipiga kelele na hawakutoka. Mwanamke huyo, Kitty Genovese, ni mtu wa kweli, na baadaye ilionekana magazeti yalitia chumvi kwenye hesabu ya majirani. Mzee hilo la chumvi halikumshughulisha.

"Kwetu ukisikia mwano, yaani ukunga wa kuomba msaada, unatoka. Usipotoka, kesho unatozwa ng'ombe. Huko walisikia mwano wakalala, ndipo akatokea mtu mmoja mwenye wazimu akavaa nguo ya marehemu usoni. Mnaniuliza kama yuko sahihi? Waulizeni wale waliolala."

Dereva akafurahi, akadhani amepata kura. Lakini mzee alikuwa hajamaliza. Akasema sungusungu hawakuficha uso. Kila mmoja alijulikana mtoto wa nani. Watu walilisema hilo kama kinga. "Lakini usiku, mko ishirini, mnakimbia, uso wa nini? Mshale ukishatoka ni wa kundi." Kulikuwa na mama mmoja mtu mzima kijijini, alishasemwa uchawi siku nyingi. Ng'ombe hakuiba. Mzee hakusema alifanywa nini. Alisema tu kwamba yeye alirudi kazini kabla likizo haijaisha, na kwa miaka mingi treni ikipita usiku sehemu ile alikuwa akihamia upande wa pili wa behewa.

Muuguzi akamimina kahawa. Hakuna aliyetaja Veidt tena siku hiyo.

Hapa ndipo nilipouona upumbavu wa kura yangu. Nilikuwa nimewauliza watu waamue kesi ya New York, na kila mmoja alikuwa anatoa ushahidi wa kesi yake. Dereva amewahi kuporwa bajaji usiku na hakuna aliyetoka. Mwalimu ana darasa la watoto themanini na zaidi, na kila siku anaamua nani aachwe nyuma ili wengine waende. Siwezi kuthibitisha kwamba mambo hayo ndiyo yaliyowapigia kura, na sitaki kuigeuza kuwa kanuni, maana mwanafunzi alimpigia Rorschach kwa sababu ya kinyago tu na hiyo nayo ni sababu. Lakini nilipowaomba dereva na Mama Asali wasikilize kurasa tatu za shajara kwa Kiingereza, hata bila kuelewa kila neno, Mama Asali alisema, "Kumbe huyu ni mgonjwa." Mwenyekiti wa mtaa aliyekaa kwenye kaunta buku akafa pale pale. Mwalimu aliumia kidogo, kisha usiku ule akaandika upya kurasa hizo kwa majina matupu bila vitenzi, mtindo wa simu ya maandishi ya zamani. Alan Moore amewahi kueleza kwamba Rorschach alimwandika kama onyo na hakutarajia wasomaji wampende kiasi kile. Nadhani wengi wanampenda kwa sababu, kama Mama Asali, kila mmoja anamsikia kwa sauti aliyomtungia mwenyewe.

Mama Asali alimwacha Rorschach, ila hakwenda kwa Veidt. Alikwenda kwenye kibanda cha magazeti. Muuza magazeti na yule kijana msoma maharamia wamekaa pamoja sura baada ya sura, mzee anapayuka, mtoto hasikilizi, na sura ya kumi na moja ndipo wanagundua kwamba wote wanaitwa Bernard. Ni wajina. Kurasa chache baadaye mwanga unakuja na mzee anamkumbatia mtoto. Kwa Kiingereza hilo la majina ni jambo dogo la kuchekesha. Kwa Mama Asali lilikuwa kilele: wajina wako ni wako, ana haki na kuku wako. Walikuwa ndugu muda wote huo, alisema, wakauziana magazeti.

Kurasa zilizorukwa

Limebaki la muuguzi, na ndilo lililonisumbua zaidi, kwa sababu lawama yake kwa kitabu ilikuwa nzito kuliko ya ngisi. Sura ya pili inaonyesha Comedian akijaribu kumbaka mwenzake Sally Jupiter, mwaka 1940, na Sally akiokolewa na mwingine. Baadaye tunajua kwamba Sally alikuja kumzalia mtoto Comedian huyo huyo kwa hiari yake, na mwisho wa kitabu tunamwona mzee wa watu akibusu picha ya zamani aliyomo yule mwanaume. Muuguzi alisema mwanaume aliyeandika hayo hajawahi kukaa na mwanamke wa namna hiyo hata dakika kumi. Mwanafunzi akajaribu kumweleza kwamba ni utata wa makusudi. "Mdogo wangu, usiniambie utata. Mimi niko zamu ya usiku."

Nilikubaliana naye kwa sehemu, na bado nakubali: wanawake wa kitabu hiki wamepewa nafasi finyu, karibu wote wanaingia kupitia mlango wa mwanaume fulani. Lakini nilikuwa na shaka moja. Sura zote isipokuwa ya mwisho zinafungwa kwa nyaraka: vipande vya kitabu cha kumbukumbu, ripoti za polisi, barua, mahojiano, yote ni maandishi matupu bila picha. Baada ya sura ya tisa kuna karatasi alizozihifadhi Sally, na kati yake yamo mahojiano ambamo anaulizwa kuhusu tukio lile na anajibu kwa sauti yake. Nikamuuliza mwalimu kama ameyatafsiri. Akaona aibu. Nyaraka zote aliziruka. Zilikuwa ndefu, maandishi madogo, na mitihani ya moko ilikuwa imekaribia. Muuguzi alikuwa amesoma kwa kaunta buku.

Akaomba kitabu akae nacho. Alikaa nacho wiki tano, mwanafunzi akarudi chuo bila nakala yake. Siku aliyokileta, kaunta buku ilikuwa imeongezeka karatasi nane zilizobanwa kwa pini, mwandiko wake wa faili la wagonjwa, wima na mdogo: mahojiano ya Sally yote kwa Kiswahili. Pale Sally anapojaribu kueleza kwamba pengine naye alichangia, kalamu ilikuwa imefuta mara tatu kabla ya kupata sentensi.

Nikamuuliza kama sasa amekiona tofauti.

"Haya maneno nayajua. Wanayasema hivi hivi, wakiangalia ukutani," akasema. "Aliyeandika alimsikia mtu. Kitabu bado sikipendi. Mpe mwalimu aangalie sarufi."

Mwalimu ameziangalia. Amesahihisha herufi mbili.